Nani atamsikiliza mtoto akisoma?

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku kwetu sote hatujambo, mama anakusalimu sana, na kaskazi imeshika kwelikweli, tunalala madirisha wazi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, nikaona bora nikuandikie, maana uliloniuliza linataka utulivu. Umesema binti yako keshatimiza miaka minane, kwa maalim wa karibu yenu hapo Milton Keynes watoto wamejaa hata nafasi hakuna, na mmemwekea kwenye tableti programu inayomsikiliza akisoma. Inaficha aya na kuzifunua neno kwa neno, na akikosea, neno linageuka jekundu. Unauliza kama pana haja tena ya kumtafutia mwalimu.

Haja ipo. Nakwambia mwanzo kabisa usije ukaisoma barua yote roho juu.

Usidhani nasema hivi kwa kuogopa vitu vipya. Qur'ani na mitambo wamejuana zamani. Redio ya serikali ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, sauti iliyoifungua ilikuwa ya Sheikh Muhammad Rifat akisoma Qur'ani, na inasimuliwa kwamba hakukubali mpaka alipowauliza masheikh wa Azhar, chuo kikuu cha dini cha Cairo, kama inafaa. Mwaka 1959, huko huko Cairo, Labib as-Said akatoa rai Qur'ani nzima irekodiwe kwa sauti, kwa kuwa aliwaona mafundi wa kisomo wanaondoka duniani na ujuzi wao unazikwa nao. Aliyesoma ni Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na mwaka 1961 rekodi ikatoka, Qur'ani ya kwanza kurekodiwa yote kwa murattal, yaani kisomo cha taratibu kisicho na madoido. Mimi na wewe tumekua tukila matunda ya kazi ile. Zile kanda za Abdul Basit na al-Minshawi, wasomaji wa Misri, zilizokuwa zikiazimwa nyumba kwa nyumba, nani kati yetu aliuliza zilianzia wapi? Na ile ya al-Minshawi ambamo sheikh anasoma kisha watoto wanamwitikia, leo imo ndani ya simu, na watoto wa chuoni kwangu wanaiitikia hata wakiwa wanacheza.

Lakini itazame vizuri rekodi hiyo. Watoto wanaomwitikia sheikh ni wale waliorekodiwa humo. Binti yako akiitikia kutoka Milton Keynes, sheikh hamsikii, wala hatamwambia "rudia". Kwa muda wote huo mitambo imetupa kusikia, tena kusikia kwingi, na Alhamdulillah kwa hilo. Kusikilizwa ndiko kulikobaki kwa binadamu, na Qur'ani imetufikia kwa kusikilizwa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, ambaye wahyi ulikuwa ukimshukia yeye, kila Ramadhani alidurusu Qur'ani pamoja na Jibril, na mwaka wake wa mwisho wakadurusu mara mbili. Imo katika hadithi za Bukhari. Humo humo imo habari ya sahaba Ibn Mas'ud alipoambiwa na Mtume amsomee. Akashangaa, vipi nikusomee wewe na hali umeteremshiwa wewe? Mtume akamjibu kwamba anapenda kuisikia kwa mwingine. Ibn Mas'ud akasoma Suratun Nisaa mpaka aya ya 41, Mtume akamwambia basi, na alipomtazama aliona macho yake yanachuruzika machozi. Kila nikikifikiria kikao kile siwezi kukwambia kwamba kioo cha tableti kinamtosha mtoto.

Programu yenyewe naijua, na wanafunzi wangu wakubwa wanaohifadhi nawaruhusu waitumie. Ina kazi moja inayoifanya kwa uhodari, nayo ni kumkamata mtu aliyeruka neno au aliyepotelea katika aya zinazofanana. Unajua balaa la aya hizo. Unaanza kisa cha Nabii Musa na wachawi wa Firauni katika Suratul A'raf, ukija kuzinduka umo ndani ya Shu'araa na hujui ulivukia wapi. Mwalimu aliyechoka anaweza kupitiwa, programu haipitiwi. Kwa murajaa wa usiku, yaani kurudia alichokwisha kuhifadhi, mtoto peke yake chumbani, ni msaada mkubwa.

Matamko ni habari nyingine. Nimewasikia watoto wakisoma Alhamdu kwa ha nyepesi, ile tunayosemea "hapa" na "hodi", na programu ikawapitisha. Mashine ya namna hiyo kazi yake ni kulitambua neno, na ikishalitambua imemaliza, na kazi ya mwalimu ndiyo kwanza inaanza. Ndimi zetu sisi Waswahili zina tabia zake: ha nzito ya kooni inateleza, qaf inageuka kaf, na dhwadi, ambayo inatoka ubavuni mwa ulimi unapokutana na magego ya juu, tunaisoma kama dhal. Mtoto haelewi hilo kwa kuelezwa. Anaelewa anapoutazama mdomo wa mwalimu, na mwalimu akautazama wake. Kwa binti yako hali ni ngumu zaidi, maana ulimi wake unavutwa na Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha skuli, na miaka minane ndio umri wa kuunyoosha. Akifika kumi na tano na makosa yake, kuyaondoa kutamliza.

Halafu kuna hizi siku za mfululizo ambazo programu nyingi zinahesabu na kuzitolea zawadi. Mama mmoja alinihadithia kuwa mwanawe anaamka usiku kusoma Qul huwa llahu mbio mbio, hesabu yake isikatike, kisha analala. Kwangu mimi hilo limenitia huzuni. Kama programu yenu ina kitu hicho, kizimeni.

Kitu kingine ambacho wazazi wengi hawakitilii maanani ni ukurasa. Msahafu wa Madina, unaochapwa na lile jumba la Mfalme Fahd lililofunguliwa 1984, kwa khati ya Uthman Taha, una kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa isipokuwa zile mbili za mwanzo, na kila ukurasa unamalizikia mwisho wa aya. Anayehifadhi humo hahifadhi maneno tu, anahifadhi na mahali. Muulize hafidh yeyote aya fulani iko wapi, atakwambia upande wa kulia, juu, mstari wa tatu, huku macho ameyafumba. Sasa ukimfungulia mtoto programu inayopanga aya moja moja chini ya nyingine, au inayokuza herufi mpaka mistari inahama, umemnyang'anya mahali pa kuikumbukia aya. Chagueni mandhari ya ukurasa mzima, wa Madina, na msibadilishe tena. Na mnunulie msahafu wa karatasi wa chapa hiyo hiyo, kurasa zifanane. (Udhu: masheikh wengi wa zama hizi wanasema simu haina hukumu ya msahafu. Mimi wanafunzi wangu nawatawadhisha hata wakisomea simu, wapate kujua wamekaa kwa jambo gani.) Usalama wa maandishi nao uangalie. Zamani mtandaoni yalikuwa yakizunguka maandishi ya Qur'ani yenye makosa ya irabu, na ndiyo sababu mwaka 2007 ukaanzishwa mradi wa Tanzil wa kuyahakiki herufi kwa herufi. Tumieni programu inayosema wazi maandishi yake yametoka wapi.

Sasa nikwambie linalonikera hasa, na hili si la mtoto, ni letu sisi wakubwa. Hizi aya za kwenye stetasi. Picha ya bahari, jua linazama, sauti nzuri inasoma nusu dakika, chini tafsiri ya Kiswahili. Iliyoenea kuliko zote, hata wewe umewahi kunitumia, ni ile isemayo kwamba anayemcha Mwenyezi Mungu atamfanyia njia ya kutokea na atamruzuku kutoka mahali asipopatazamia. Wenye maduka wanaibandika, wanaotafuta kazi wanaibandika, na ni haki yao, maneno ni ya Mola wetu na rehema yake haina mipaka. Lakini ni wangapi wanajua imetoka katika Suratut Talaq? Fungua msahafu uitazame. Kabla ya maneno yale Mwenyezi Mungu anazungumza na mwanamume anayemwacha mkewe: aihesabu eda, asimtoe nyumbani mwake, muda ukifika ama amrejee kwa wema ama aachane naye kwa wema, na washuhudie mashahidi wawili waadilifu. Hapo ndipo inapokuja ahadi ya njia ya kutokea na riziki isiyotazamiwa. Inamjia mtu aliye katikati ya mgogoro mkali wa nyumba, na inamtaka amche Mungu katika haki ya mwanamke. Wewe na mimi tunawajua wanaume wanaoweka aya hiyo kwenye simu zao, na watalaka wao wametolewa nyumba usiku, eda haijesha, watoto wamebebwa mikononi. Laiti wangeisoma tokea juu! Klipu ya nusu dakika haimpi mtu nafasi ya kuulizwa na aya.

Na dawa iko katika simu hiyo hiyo, ndilo linalonishangaza. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilipochapwa yote mwaka 1969, lilikuwa jitabu zito, nyumba iliyokuwa nalo ilijulikana mtaa mzima. Ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, mzee wetu wa hapa hapa Unguja aliyeishia ughaibuni, leo unaigusa kwa kidole, bure, popote ulipo. Anayetaka kujua aya imetoka wapi haimchukui hata dakika. Tulichokosa ni mazoea ya kurudi nyuma aya tano na kwenda mbele aya tano. Mzoeshe binti yako tangu sasa. Kila aya anayoipenda, akusomee iliyo kabla yake.

Waliofaidika na simu hizi kuliko wote, kwa ninavyoona huku, ni wanawake. Wale waliokatishwa chuo walipoolewa, wakakaa miaka na miaka wakiona haya kwamba hawajui kusoma vizuri, na hawawezi kuja kukaa mkekani na watoto wa umri wa wajukuu zao. Sasa usiku nyumba ikitulia wananirekodia ukurasa mmoja na kunitumia. Mimi nawasikiliza kabla ya alfajiri, nawajibu kwa sauti: hapo vuta mara nne, hapo ghunna, ile sauti ya puani, hukuitimiza. Yuko bibi mmoja mtu mzima sana ambaye sasa anamalizia juzuu ya kumi, na watu wa nyumbani kwake hawajui. Darasa za tafsiri za Ramadhani baada ya alasiri nazo, ambazo zamani tulizipata vipande vipande kwa vipaza sauti vya msikitini huku tukikuna nazi, siku hizi zinarekodiwa na tunazisikiliza tukishapakua futari. Khitma vile vile. Mtu akifiwa, juzuu thelathini zinagawanywa kwenye kundi la WhatsApp, mmoja yuko Muscat, mwengine Dar, mwengine huko kwenu, na kabla ya isha khitma imetimia. Lililobaki ni watu wasome kweli, wasije wakaweka alama ya tiki tu. Kwenye kundi letu tumekubaliana asiyewahi aseme, juzuu yake ichukuliwe na mwengine, na hakuna wa kumlaumu.

Unaona basi kuwa masafa hayanizuii. Na wewe usimtafutie mwalimu mwengine, nitamchukua mimi. Jumamosi na Jumapili, saa kumi na nusu za kwetu baada ya alasiri, kwenu itakuwa saa saba na nusu mchana. Katikati ya wiki anitumie rekodi, si ndefu, nusu ukurasa. Kwenye simu ya video nenda kwenye mipangilio ya sauti uzime ile kazi ya kuondoa kelele, kwa sababu sauti ikishikiliwa muda mrefu programu huidhania kelele na kuikata, na mimi ghunna na madda, yaani mivuto, za mtoto siwezi kuzihukumu zikiwa zimekatwa. Kamera iwe karibu, niuone mdomo wake. Tutaanza na Fatiha, hata kama anaijua, kisha juzuu amma, ile ya mwisho, kuanzia chini. Tableti yake isitupwe, itamsaidia murajaa.

Na wewe ukae pembeni usikilize. Usimsahihishe mbele yangu, kaa tu asikie kuwa upo.

Niambie kama Jumamosi hii inakufaeni au tungoje mtoto afunge skuli. Msalimie shemeji, na mwanangu mbusu.

Wassalaam,
Somo yako wa Unguja