Mazoezi ya mbwa wa kutafuta watu Jumamosi, Mbale

Ndugu zangu, habari za jioni.

Jumamosi tukutane saa moja asubuhi, jua halijawa kali. Mteremko ukishapata joto, hewa hupanda mlimani na kuibeba harufu ya mtu mbali na alipo, na mbwa anayejifunza huchanganyikiwa bure. Nahitaji watu watatu wa kujificha migombani. Kaeni upande upepo unakotoka, mtulie kabisa. Mbwa akiwafikia na kubweka, mpeni mpira wake papo hapo na kumsifu kwa moyo. Kwake kutafuta ni mchezo. Zawadi ikichelewa hajui amepewa kwa lipi. Hapo ndipo mafunzo huharibika, naomba sana tupazingatie.

Wa kuleta nguo ya kumnusisha mbwa harufu ya anayetafutwa aitie kwenye mfuko safi, isiguswe na wengine nyumbani.

Kumwandaa mbwa mmoja huchukua mwaka hadi miwili, najua mnachoka. Lakini kwenye maporomoko ya ardhi ya Bududa 2010, na ya Bulambuli Novemba 2024, watu walichimba tope kwa majembe kuwatafuta ndugu zao. Mbwa angewaonyesha pa kuanzia.

Kila mtu aje na maji, ya mbwa pia. Watakaojificha waniandikie kabla ya Ijumaa jioni.