Wageni wanaofundisha shuleni kwetu wapewe siku ya kuaga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie waratibu wanaotuletea wanafunzi wa ualimu kutoka nje hapa Tanga, pamoja na walimu wakuu wa shule wanazopangiwa vijana hao. Sherehe ya kuwaaga ipo tayari. Ninachowaombea ni siku.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Ngamiani, na nimeshawapokea watatu nyumbani kwangu. Wa mwisho alitoka jimbo la Indiana, Marekani, akakaa nasi wiki nane akifundisha darasa la pili. Kwa kuwa alikuwa wa tatu tulimwita Tatu, naye alilipenda jina mpaka akaliandika kwenye jalada la daftari lake la maandalio ya somo. Aliingia kaskazi ikivuma na embe zikiwa za mwisho mwisho, akaondoka katikati ya Ramadhani.

Kwao alizoea darasa la watoto wasiofika 25. Hapa alikuta zaidi ya 80, wanne dawati moja. Wiki ya kwanza alirudi sauti imekauka, akakaa barazani hasemi na mtu. Wiki ya pili akaanza kuzunguka maduka yote ya mtaani kuomba vizibo vya soda, akavifua kwa sabuni, akajaza kopo la maziwa, na kuanzia hapo hesabu za kujumlisha wakazifanya kwa vizibo. Mjukuu wangu yumo katika darasa hilo. Jioni nikimtuma dukani anarudi akinihesabia chenji kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Nyumbani alijifunza kukuna nazi akikaa juu ya mbuzi, vidole vikachubuka, akaendelea. Ramadhani ilipoingia alifunga siku nne pamoja na wajukuu, na futari alikuwa anasubiri adhana kama sisi, macho kwenye bakuli la magimbi.

Sasa nije kwenye kuondoka kwake. Alipangiwa kuondoka Jumatatu adhuhuri. Alhamisi ikafanyika hafla hotelini, vyeti vikatolewa, picha zikapigwa. Sisi kina mama wenyeji tuliketi nyuma, tukaitwa mmoja mmoja kupokea cheti cha Kiingereza, tukarudi kukaa. Hakuna aliyetuuliza kama tuna neno. Sikuudhika sana, kwa sababu Tatu alikuwa ameshapanga yake. Jumapili baada ya alasiri azunguke mtaani kuaga nyumba kwa nyumba. Jumatatu asubuhi asimame paredi awaage watoto. Na dera lake la Idi lilikuwa kwa fundi, alichukue Jumamosi.

Kwa wiki nzima nilikuwa namfundisha maneno ya kuaga. Kwetu mtu aliyekula na kulala kwa watu haondoki kwa kusema ahsante tu. Anaomba radhi: "Nimekaa nanyi, nimekula chenu, kama nimewakosea nisameheni, na nilichokula mnihalalishie." Na mwenyeji anajibu, "Halali yako, nasi utusamehe." Neno "mnihalalishie" lilimshinda ulimi. Alilirudia akiosha vyombo, akalirudia akianika nguo.

Ijumaa usiku, watu wametoka tarawehe, ukaingia ujumbe kwenye simu yake. Safari ya ndege imebadilishwa, gari litampitia saa tisa usiku huohuo. Niliamka saa nane nikapika daku mapema, wali na mchuzi wa changu wa nazi. Hakuweza kula, alimeza tonge mbili. Gari likafika, ndani wapo wenzake wengine, na dereva akapiga honi mara tatu katika mtaa uliolala. Tatu alinishika mikono akaanza, "Mama, nimekula chenu..." Honi ikalia tena. Akalia yeye pia, akapanda gari, wakaenda zao njia ya Segera kuelekea Dar es Salaam. Zile nyumba zote mtaani hazikuwa na habari.

Asubuhi, nikitandua shuka, nilikuta karatasi chini ya mto. Ni orodha yake: bibi wa vitumbua, fundi, mzee wa kahawa, mama wa duka la kona, mwalimu wa madrasa, jumla nyumba 11. Kando ya kila jina ameandika jambo la kukumbuka. Kwa bibi wa vitumbua ameandika "alinipa viwili kila Jumatano". Jumapili nilivaa baibui nikazunguka mimi na ile karatasi, nikamwombea radhi nyumba moja baada ya nyingine. Wote walisema halali. Lakini bibi wa vitumbua alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Nimemsamehe mwanangu. Ila mkono wake ningeushika mwenyewe."

Jumatatu mjukuu wangu alirudi shuleni akaniuliza, "Bibi, Mwalimu Tatu anaumwa?" Yeye aliambiwa nyumbani kwamba mwalimu ameondoka, hakuamini, maana darasani hakuna aliyewaambia. Mtoto wa miaka minane mwalimu wake anapotea ghafla anatafuta kosa alilofanya. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili maisha yangu yote, hilo nalijua.

Haya nayasema kwa sababu nami niliwahi kuwa mwalimu mgeni. Mimi ni mwalimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wa kundi lile lililoandaliwa baada ya Azimio la Musoma la 1974, tukiwa tumemaliza darasa la saba tu, tunafundisha huku tunajifunza. Mwaka 1977, nikiwa na miaka 17, nilipelekwa kijiji kimoja cha Handeni, nikalala kwa balozi wa nyumba kumi. Nilipohamishwa, mke wa balozi alinizungusha kijiji kizima Jumamosi kutwa. Nilirudi na mayai, muhogo mkavu na jogoo mmoja, miguu imevimba. Watoto waliimba kando ya barabara mpaka lori likapinda kona. Sasa nina miaka zaidi ya 60 na bado naweza kuzitaja nyumba zile kwa mpangilio wake.

Tanga si ngeni kwa wageni. Mji wetu una udugu na Eckernförde ya Ujerumani na Toledo ya Marekani, na vijana watazidi kuja. Najua ndege hubadilishwa, hilo halina wa kulaumiwa. Lakini wiki ya mwisho ingeachiwa siku moja tupu mapema, Jumatano kwa mfano, isiyo na hafla wala semina, mgeni angekuwa ameshaaga hata gari likija usiku wa manane. Walimu wakuu nao wawaambie watoto wiki moja kabla, wapate kuchora picha zao na kuimba wimbo wao. Na ile hafla ya hoteli ingefanyika shuleni chini ya mwembe, mama mwenyeji akapewa dakika zake tano za kuzungumza kwa Kiswahili.

Dera la Tatu nimelichukua kwa fundi, ni la bluu, nimelikunja ndani ya mfuko nasubiri mtu anayesafiri. Kopo la vizibo nimelipeleka shuleni, mwalimu wa darasa amelipokea. Mgeni mwingine nimeambiwa anakuja mwezi wa saba. Chumba nimeshakipaka chokaa na neti nimeifua. Naomba tu waratibu waniletee tarehe yake ya kuja pamoja na siku yake ya kuaga, zote mbili kwenye karatasi moja.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga