Mpimeni mwajiri kwa zamu ya usiku: barua kwa wauguzi na matabibu wanaoanza kazi

Wanangu wauguzi, wakunga na matabibu mliomaliza vyuo,

Salaam nyingi kutoka Songea.

Swali lenu nimelisikia kwa njia nyingi. Wengine mmenisimamisha baada ya ibada, wengine mmepiga simu, wachache mmekuja nyumbani na barua mbili za kazi mkononi mkitaka nichague mimi. "Mama, niende serikalini, misheni au hospitali binafsi?" Na karibu kila mara, kitu cha kwanza mnachonionyesha kwenye hizo barua ni mshahara. Siwalaumu. Wazazi wenu wameuza mahindi na mifugo kulipa ada, na wadogo zenu wanasubiri zamu yao. Mshahara ni jambo zito, na mtu aliyeshiba asiwaambie vingine.

Lakini nimefanya kazi misheni, nimefanya serikalini, nimepanga rosta za wauguzi miaka mingi hadi nilipostaafu, na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: mwajiri apimwe kwa zamu ya usiku.

Mchana kila hospitali ina watu. Mganga Mfawidhi yupo, famasia iko wazi, maabara inafanya kazi, mhasibu yuko ofisini, na ukikwama kwenye leba utapata mtu wa kukushika mkono. Saa nane za usiku ndipo unapojua mwenye hospitali ametumia fedha zake wapi. Mama anavuja damu baada ya kujifungua: kuna chupa ya damu kwenye jokofu? Daktari analala ndani ya uzio, au anapigiwa simu aje kutoka upande wa pili wa mji? Mtoto amezaliwa hapumui: mfuko wa kumsaidia kupumua upo mezani, au umefungiwa kwenye kabati na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani? Muuguzi mmoja ameachiwa wagonjwa wangapi?

Kwa hiyo kabla hujasaini, nenda pale asubuhi, wakati zamu ya usiku inakabidhi. Usianzie kwa Afisa Utumishi. Mtafute muuguzi anayetoka, umsalimie vizuri, umpe pole ya kazi, umuulize mlikuwa wangapi jana, mlimpigia nani simu, na je alikuja? Muulize pia anarudije nyumbani. Jibu la dakika tano kutoka kwa mtu aliyechoka lina ukweli kuliko tangazo lolote la kazi.

Na muulize hili, ambalo vijana hamliulizi kabisa: mtu akijichoma sindano hapa usiku, anafanyaje? Dawa kinga ya VVU inatakiwa ianze mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na inamezwa siku 28. Hospitali inayojali watu wake ina dozi za kuanzia mahali panapojulikana, ina daftari la kuandikia tukio, na ina mtu wa kumpigia hata saa tisa usiku. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo binti alijichoma Ijumaa usiku akaambiwa asubiri Jumatatu kliniki ifunguliwe. Tulimpeleka sisi wenzake hospitali nyingine kwa pikipiki, akapata dawa. Mshahara wa pale ulikuwa mzuri, na watu walikuwa wanapanga foleni kuomba kazi.

Sheria nayo inaujua usiku, basi na ninyi muijue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inataka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Mjamzito hapangwi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Ukiona mkataba unaosema "saa za kazi zitategemea mahitaji ya hospitali" bila neno jingine, uliza hapohapo, kwa adabu, lakini uliza.

Sasa nianze na serikali, maana ndiko wengi mnakoelekeza macho.

Kwanza, serikali si mwajiri mmoja. Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na taasisi ya saratani ya Ocean Road zina bodi zake na taratibu zake. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, na huko mwajiri wako ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Mtu anayesema "nimepata serikalini" hajaniambia bado amepata nini. Wawili wenye mshahara unaolingana, mmoja Muhimbili na mwingine zahanati ya kijijini, wana kazi mbili tofauti kabisa. Wa Muhimbili atamuona bingwa kila siku. Wa kijijini huenda ndiye mkunga, mtoa dawa, mtoa chanjo na mwandishi wa ripoti, na usiku anagongewa mlango wa nyumba yake.

Faida za serikali ni za kweli. Ukishathibitishwa kazini, hutaamka siku moja ukute zahanati imefungwa kwa kufilisika. Mwajiri anakuchangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 15, wewe asilimia 5. Ukiugua, nafasi yako ipo. Ukitaka kusoma kutoka stashahada kwenda shahada, upo utaratibu wa ruhusa ya masomo, na hapo ndipo wengi wa rika langu tulipopandia. Lakini msiingie mkidhani karatasi zitatembea zenyewe. Kuna miaka baada ya 2015 watumishi walikaa bila kupanda madaraja, na waliofanikiwa kudai malimbikizo yao ni wale waliotunza kila barua. Siku hizi kuna PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Jazeni kazi zenu kwa wakati, msimwachie mtu nywila. Na ukipangiwa halmashauri ya mbali, dai posho ya kujikimu na nauli unaporipoti, kwa maandishi. Kuomba haki yako kwa barua si utovu wa nidhamu.

Kitu kinachoniuma serikalini ni upweke. Tangu mwaka 2021 tumejenga vituo vya afya na wodi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona maishani, na ni jambo jema. Wanawake wa Namtumbo na Tunduru wanaupata upasuaji karibu zaidi kuliko mama zao. Lakini jengo linakamilika kabla ya watu kutosha. Kijana wa mwaka wa kwanza anaachiwa leba peke yake. Ukipangiwa mahali kama hapo, nenda, maana wananchi wanakuhitaji. Ila wiki ya kwanza tu tafuta namba ya mkunga mkongwe wa wilaya na namba ya dereva wa gari la wagonjwa, na mwombe Mganga Mfawidhi akupeleke hospitali ya wilaya ukashike zamu za leba wiki chache kabla hujaachiwa usiku.

Kwa kujifunza kazi, misheni bado naipa heshima ya juu. Peramiho, Ndanda, Haydom, Bugando, KCMC: hizi hospitali zimefunza mikono ya nchi hii. Makabidhiano yanafanywa kitanda kwa kitanda, chati inasomwa, na mtawa au mzee wa wodi anakurudisha ukafunge kidonda upya. Anayeanza huko miaka mitatu au minne, nikimpokea wodini namjua bila kuambiwa.

Lakini jueni hospitali hizo zinaendeshwaje. Nyingi zina mkataba na serikali kama hospitali teule au za rufaa, na serikali inalipa mishahara ya sehemu ya watumishi. Kwa hiyo wodi moja, zamu moja, unaweza kukuta wauguzi wawili: mmoja analipwa na serikali, ana pensheni ya serikali; mwenzake analipwa na hospitali kutokana na ada za wagonjwa na misaada kutoka nje, ambayo imepungua sana kadiri wamisionari walivyozeeka na kuondoka. Kazi ni ileile, mwisho wa mwezi si uleule. Kabla hujasaini misheni, swali lako liwe moja: ananilipa nani? Na kama ni hospitali yenyewe, mishahara ya miezi sita iliyopita ilitoka tarehe ngapi? Muulize mpishi au dereva. Hao hawana sababu ya kukupamba. Kila serikali inapotangaza ajira nyingi, misheni hupoteza wauguzi iliowalea yenyewe. Siwezi kuwakataza kuondoka. Toeni notisi, msiondoke usiku mkaacha rosta na shimo.

Hospitali binafsi zinatofautiana kupita zote. Ile ya Aga Khan pale Dar es Salaam imepata ithibati ya kimataifa, na kijana akipita mahali penye taratibu za namna hiyo anajifunza kunawa mikono, kuandika na kuhakiki dawa kwa nidhamu ambayo hataipoteza. Upande wa pili kuna zahanati ya ghorofa moja mtaani ambapo mwenye nyumba, daktari na mhasibu ni mtu mmoja, na mkataba ni maneno ya mdomo. Zote mbili tunaziita binafsi.

Huku nako ulizeni fedha inatoka wapi. Hospitali nyingi binafsi zinaishi kwa malipo ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Machi 2024, bei mpya za mfuko zilipoanza kutumika, hospitali kadhaa kubwa zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, na nchi nzima ikaona jinsi mgogoro wa bei unavyomfikia mgonjwa. Mimi niliwafikiria pia wasaidizi wa wodi, maana wagonjwa wakipungua, wa kwanza kuambiwa "pumzika kidogo tutakuita" ni mwenye mkataba mfupi. Hakikisha mkataba ni wa maandishi. Kila baada ya miezi mitatu angalia mwenyewe kama michango yako ya pensheni imefika NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu kukatwa kwenye karatasi ya mshahara na kupelekwa kwenye mfuko ni mambo mawili. Ukiachishwa kazi bila haki, una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakimsubiri bosi apoe hasira.

Kuhusu miradi nitasema kwa ufupi. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, tangu mwaka 2003 imeokoa watu ambao mimi niliwahudumia kwa mikono yangu, nami naiheshimu. Mishahara yake iliwavuta vijana wetu bora. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu waliamka na barua za kusitisha kazi, wengine wakiwa na mikopo ya nyumba. Ukipata mradi, nenda, lakini weka akiba kana kwamba mkataba unaisha kesho, na omba zamu moja moja wodini mwisho wa juma. Nimeona wauguzi wazuri wakirudi kutoka miaka minane ya ripoti na semina, mkono ukitetemeka kutafuta mshipa wa mtoto.

Wanaotaka kwenda nje: Uingereza inafuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Tanzania imo. Waajiri wao hawatakiwi kuja kuwasaka hapa; wewe mwenyewe unaweza kuomba moja kwa moja. Kanuni zao pia zinakataza mwombaji kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Kwa hiyo anayekuambia ametumwa na hospitali ya London na anataka milioni mbili za fomu, mwache. Oman na Saudia wana mitihani na uhakiki wa vyeti, na muda wa uzoefu unaohesabika ni ule ulioandikwa kwa barua rasmi, kwa hiyo kila unapoondoka mahali omba barua ya utumishi siku hiyohiyo.

Nimewaweka mwisho walio wengi, mnaojitolea. Najua mnavaa sare safi kila asubuhi katika hospitali za serikali, mnafanya kazi ya mtumishi kamili, na mnarudi nyumbani bila nauli mkitumaini jina litatoka. Hospitali nyingi zingekwama bila ninyi, na viongozi wanaolijua hilo wawatafutie posho kwenye mapato ya kituo. Hilo nawaambia wao hapa hapa mbele yenu. Ninyi nanyi msijitolee kiholela. Muwe na barua ya kukubaliwa yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Msikubali kuachiwa wodi usiku bila mtumishi aliyeajiriwa, kwa sababu likitokea jambo, mtaulizwa ninyi. Leseni ya Baraza la taaluma yenu iwe hai wakati wote. Nafasi zikitangazwa leo na leseni imekwisha, mwenzako atakupita.

Na kabla ya zamu ya kwanza, popote mtakapokwenda, mkachanjwe homa ya ini aina B. Dozi ni tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Mwajiri asipoitoa, jilipieni, na kadi muitunze pamoja na vyeti.

Mama yenu,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Songea