Kobalti Niliyouziwa Imetoa Kahawia

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Malighafi za Ufinyanzi,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: PAKITI YENYE LEBO YA OKSIDI YA KOBALTI

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu pakiti ya gramu 250 yenye lebo ya oksidi ya kobalti. Nina karakana ya ufinyanzi hapa Kajjansi, na nilikuwa natafuta glezi ya buluu, ule mpako unaogeuka kioo tanurini, kwa ajili ya vikombe. Nimepata kahawia.

Sikukurupuka kuwalaumu. Nilipima glezi kavu gramu 100 mara nne, nikatia unga wenu asilimia 0.25, 0.5, 1 na 2, nikapaka vigae vya majaribio na kuvichoma nyuzi 1,220 za Selsiasi. Kigae cha tano nilikitia asilimia 0.5 ya kobalti iliyobaki tangu mwaka jana. Hicho kilitoka buluu iliyokolea. Vyenye unga wenu, viwili vya mwanzo vilikuwa vyeupe vilivyofifia kama maji ya kuoshea brashi, cha tatu hudhurungi hafifu, cha nne kahawia, tena kimejaa malengelenge yanayokwaruza ukipitisha kidole. Kobalti haiko hivyo. Hata robo asilimia huleta buluu, ndiyo maana tunakubali kuilipia ghali.

Naamini mlinipimia dioksidi ya manganisi. Nayo ni unga mweusi, kwa macho ni vigumu kuitofautisha, na ikipata moto hutoa oksijeni inayoweza kufurisha glezi.

Fedha inauma, lakini linaloniumiza zaidi ni afya. Vumbi na moshi wa manganisi hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Ninapopima huvaa barakoa, kwani kobalti nayo si ya kuvuta puani. Ila siku ya kuchoma mvua ilinyesha, tukafunga mlango, na vijana wawili ninaowafundisha walishinda karibu na tanuri. Ningejua ni manganisi, wasingekaa humo hata dakika moja.

Nchi hii imewahi kuzalisha kobalti yake kule Kasese, kutoka mabaki ya mgodi wa Kilembe. Mfinyanzi wa hapa asiuziwe kitu kingine kwa jina hilo.

Naomba mnirudishie fedha au mnipe kobalti halisi, mkague kopo mlilopakia, na muwapigie simu wote walionunua kutoka kopo hilo. Jumatatu asubuhi nitafika dukani na vigae vyote vitano, risiti na unga uliobaki.

Mteja wenu,
Mfinyanzi, Kajjansi.