Majaji wasiojua shikamoo

Maskat, 19 Januari 2025

Shoga yangu Zuwena,

Asalaam alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Ya kwanza nimecheka, ya pili nimenyamaza. Una haki ya kukasirika. Umekaa na filamu yako ile mwaka mzima, halafu wanakuja majaji watatu wasiojua hata shikamoo, wanaipima kwa kusoma Kiingereza kinachopita chini ya picha. Lakini uliposema bora majaji wawe wenyeji watupu, tena wasiwe waongozaji kwa kuwa "waongozaji wana choyo", hapo shoga sikufuati.

Maneno yako nayasikia huku kwa Kiarabu. Tamasha la filamu la Bahari Nyekundu, kule Jeddah, Saudia, lilianza Desemba 2021, na kila mwaka jopo kuu la majaji limeongozwa na mwongozaji mgeni: Giuseppe Tornatore, kisha Oliver Stone, Baz Luhrmann, na mwezi uliopita Spike Lee. Jirani yangu, mama wa Kiomani apendaye sinema kuliko wali, anasema hayo ni majina ya kupambia zulia jekundu. Sikatai, zulia nalo lina kazi yake. Nikamuuliza: basi waje Waarabu tu, wa wapi? Mmoroko akianza kusema cha kwao, wewe mwenyewe unasoma tafsiri ya chini kama mimi. Akacheka. Nawe usijitie hamnazo: filamu yako ni ya Kimakunduchi, lahaja ya kusini Unguja, na mimi mtoto wa Ng'ambo ya mjini nilikupigia simu kuuliza yule bibi kasema nini pale kisimani.

Sasa tazama lile jopo la Spike Lee, ambamo alikuwamo mwongozaji Abu Bakr Shawky wa Misri. Tuzo kuu, Yusr ya Dhahabu, walimpa Lotfi Achour wa Tunisia kwa filamu yake Red Path. (Yusr ni ile marijani nyeusi ya tasbihi. Bibi yako alikuwa nayo, au namchanganya na wangu?) Kisa kimetokana na tukio la kweli la 2015: wavulana wawili wachungaji wanavamiwa mlimani na wanamgambo, mmoja anachinjwa, mwenzake anaachiwa akakipeleke kichwa nyumbani. Mtoto anateremka mlima na mzigo ule. Hapo jaji anahitaji Kiarabu gani? Kuisimamisha kamera mbele ya mtoto kwenye kisa kama hicho bila kukifanya bidhaa, uzito wake anaujua aliyewahi kusimama nyuma ya kamera. Kitanda usichokilalia, shoga.

Na si mambo ya jana. Mwaka 1966 tamasha la filamu la Carthage lilipoanza huko Tunis, tuzo yake kuu, Tanit ya Dhahabu, ya kwanza aliichukua mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye hakuwa Mwarabu. Halafu tamasha la Cannes, Ufaransa, 1975: jopo chini ya Jeanne Moreau, mwigizaji Mfaransa, likampa tuzo kuu, Palme d'Or, Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria, kwa filamu ya njia iliyowafikisha Waalgeria kwenye vita vya kudai uhuru kwa Ufaransa hiyohiyo. Miaka 13 tu tangu uhuru! Hiyo naipenda kuliko zote.

Ulipo na haki ni kwenye tafsiri. Bibi anafumba fumbo refu pale kisimani, na chini pameandikwa "Hapana". Neno moja! Aliyekufanyia kazi ile kakuibia, na hasira yako ilistahili kumwendea yeye kabla ya majaji. Kaa na bibi mwenyewe, ifumueni yote upya kabla hujaipeleka ZIFF, tamasha la filamu la huko Zanzibar. Shangazi Rukia anarudi huku Shaabani. Mpe kwenye flashi, nitaiangalia nimezima sauti, nione kama nitacheka pale panapochekesha.

Na achari ya embe usisahau. Ile ya mwaka jana ilivuja sandukuni, lakini nusu ilifika.

Wako,
Asya