Jibu la fumbo la jana

Habari za jioni, wapendwa. Jana niliuliza neno kinyang'anyiro lina herufi n ngapi. Jibu ni tatu. Wengi mmetuma mbili, na naona kwa nini: hakuna n hata moja inayosikika peke yake. Zote zimejificha, ya kwanza kwenye ny, ya pili kwenye ng', ya tatu kwenye ny tena. Sikio husikia sauti moja, kalamu imeandika herufi mbili. Ritifaa, yaani ile alama ya ', hatuihesabu.

Tafadhali msihesabu kichwani. Andika neno karatasini, kata kila n kwa kalamu, kisha hesabu mikato. Watoto waachieni wakate wenyewe, wanapenda mno.

Fumbo la leo: wanapatanishana lina a ngapi? Majibu kabla ya saa tatu usiku.