Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kwa nini hela yenu imeenda kwenye filamu

Mafundi wa miwani wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Najua taarifa hii mnairuka mpaka mfike kwenye hela, sasa acha nianze na hela. Chama hakina deni, michango imeingia japo kuna watu hawalipi mpaka wapigiwe simu mara tatu (mnajijua), na matumizi makubwa yalikuwa moja tu, ile filamu ya plastiki ya kubandika kukinga uso wa lenzi tuliyoagiza kwa pamoja, ambayo wengine mlinisema sana kwenye grupu kwamba mwenyekiti ananunua plastiki. Mahesabu kamili mweka hazina ataleta mkutanoni, mimi nawaelezea hiyo plastiki.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nililetewa kazi ya mtoto wa darasa la nne, zile lenzi za mayopia (kutoona mbali) zenye vilenzi vidogovidogo usoni, mnazijua, ukiiinamisha chini ya taa unaona kitu kama sega la nyuki kuzunguka katikati. Nikabandika tepu ya kawaida kukinga uso, ile ya bei rahisi yenye gundi kali, nikakata, jioni umeme ukakatika nikaiacha na tepu yake mpaka asubuhi. Kubandua, gundi imebaki usoni. Nikafanya nilichofanya miaka yote, pamba na asetoni. Sasa ile ni plastiki ya polikaboneti, na pale ukingoni mashine ilipopita hakuna tena hadikoti (ile koti ngumu ya kuzuia mikwaruzo), asetoni ikapenya hapohapo na vijiufa vikatambaa kuelekea ndani kama utando wa buibui. Mama wa mtoto alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi. Nikalipa lenzi nyingine mfukoni mwangu na kumwambia arudi baada ya wiki tatu, na wala hakunigombeza, ndio ikaniuma zaidi.

Ile ilionekana. Shida kubwa ni zile zisizoonekana.

Nilikaa nikapiga hesabu kwenye nyuma ya risiti. Kilenzi kimoja kina upana wa milimita 1 hivi na kinaongeza namba (nguvu ya lenzi) kama +3.50. Kwenye polikaboneti, ukitafuta mwinuko wake kutoka usawa wa lenzi unapata robo tatu ya maikroni (maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani haifiki hata maikroni 1, unywele wa kichwani ni kama maikroni 70. Halafu hadikoti tunayochovya ina unene wa maikroni 2 mpaka 5! Koti ni nene kuliko kitu chenyewe inachokifunika. Kiwandani wanalijua hilo na uso wa mbele wameshaumalizia kwa vipimo vyao, lakini kuna mwenzetu (simtaji, na alisema mwenyewe kikaoni, nampongeza) ambaye alikuwa akishakata nyuma kwenye jenereta, sio ya umeme jamani, ile mashine ya kuchongea lenzi, anachovya lenzi nzima pande zote mbili kama anavyofanya kwa lenzi yoyote. Koti ya pili inajaa kwenye mabonde kati ya vilenzi, na nguvu ya vilenzi inapungua.

Na hapo ukiiweka kwenye lensomita, mashine ya kupimia namba ya lenzi, inasoma sawasawa! Kwa sababu katikati pana duara safi la milimita 9 hivi lisilo na kitu, na ndipo tunapopima sisi. Mtoto akivaa anaona ubao vizuri, mzazi anashukuru, fundi kalipwa. Ila kazi ya vile vilenzi haikuwa kuona ubao, ni kupunguza kasi ya jicho kurefuka. Utafiti wa miaka 2 wa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong, kwa watoto wa miaka 8 mpaka 13, ulikuta mayopia inaongezeka kwa kasi ndogo kwa asilimia 52 ukilinganisha na lenzi za kawaida. Wewe ukiziba vile vilenzi umemuuzia mzazi lenzi ya kawaida kwa bei ya ile nyingine, na hakuna atakayekuja kulalamika, mwakani namba imepanda watasema ni simu.

Kwa hiyo tulichokubaliana ni hiki, uso wa mbele usiguswe. Filamu inabandikwa lenzi ikitoka tu kwenye bahasha, kwa kuanzia katikati kwenda nje ili hewa isibaki, maana kiputo kimoja chini ya filamu kinaacha alama ukishamimina aloi ya moto ya kushikizia lenzi kwenye mashine. Wanaotumia aloi ya 47 (inayoyeyuka kwa nyuzi 47), nawaomba tena mnawe mikono kabla ya kula, ina risasi na kadimiamu ile. Kazi ya siku ibanduliwe siku hiyohiyo, gundi ikibaki ni maji ya vuguvugu na sabuni laini, asetoni mezani hapana. Hadikoti ni ya kuzungusha, sio ya kuchovya, nyuma tu. Na lenzi ikiteleza kwenye mashine ya kukata fremu, kwa sababu koti ya juu inakataa maji na mafuta, tumieni pedi ya kuzuia kuteleza, msikaze klampu mpaka lenzi ilie. Ile tabia ya kufutia lenzi kwa pindo la shati sitaki hata kuiongelea.

Msambazaji mmoja alituletea boksi zima lenzi zinagusana uso kwa uso, karatasi za kutenganisha hamna. Tulirudisha. Alibisha wiki mbili, mwisho akabadilisha, na sasa tunafungua boksi mbele ya dereva kabla hajaondoka.

Mengine kwa haraka: wanachama wapya wameongezeka, wengi vijana kutoka mikoani, na mafunzo ya Mwanza hayakufanyika, lawama nipeni mimi, nilichelewa kutafuta ukumbi. Uchaguzi upo mwaka huu na sigombei.

Mkutano mkuu kila mtu aje na lenzi moja aliyoiharibu, kwenye bahasha, aandike tu alichoifanyia bila jina. Hadubini ipo, tumeazima. Ya kwangu yenye utando wa buibui itakuwa ya kwanza mezani.